Sura ya 5: Sindano na Hesabu

Injini ndogo haiimbi vizuri kama pale inapokaribia kuungua. Asiyejua akiisikia siku hiyo atasema imepona: sauti imekuwa kali na kavu, moshi umekatika, ukiipa resi inaruka bila kusita. Fundi aliyezeeka nazo akiisikia hiyo hiyo ananyoosha mkono kuizima. Wote wawili wamesikia kweli. Injini iliyopunguziwa mafuta kidogo hupata nguvu, ikipunguziwa tena kidogo hupata homa, na kati ya kidogo cha kwanza na kidogo cha pili pana robo mzunguko wa skrubu, mara nyingine pungufu ya hapo.

Sura hii inahusu robo hiyo. Katikati ya Dar es Salaam, Gerezani na kwenye vijiwe vinavyoizunguka Kariakoo, inazungushwa kila siku kwa bisibisi ya bapa, na anayeomba izungushwe mara nyingi siye atakayenunua injini ikifa. Nitafika huko. Kwanza nataka tuitazame injini ambayo hutaikuta kwenye kijiwe hata kimoja, kwa sababu ndiyo inayoadhibu kosa haraka kuliko zote: injini ya nitro ya gari la mashindano la rimoti. Magari ya rimoti yaliyopangwa kwenye maduka ya Kariakoo ni ya betri, ya kuwafurahisha watoto sikukuu. Ninayosema mimi ni mengine. Hayo yananguruma, yanatoa moshi, na mwenye nalo hutembea na kisanduku cha spana.

Injini ya gari hilo inaenea kiganjani. Ile ya magari ya daraja la moja ya nane, yaani gari dogo mara nane kuliko la barabarani, ina cc 3.5. Pikipiki ya Boxer 150 iliyoegeshwa kijiweni ina cc 145 hivi, na hufikia nguvu yake ya juu ikizunguka mara 7,500 kwa dakika. Ile ya kiganjani hupita 35,000. Na kwa kuwa ni ya mipigo miwili, kila mzunguko una mlipuko wake, kwa hiyo ni milipuko karibu 600 kwa sekunde ndani ya silinda isiyojaza kijiko cha chai.

Haina plagi ya kurusha cheche, haina koili wala CDI. Kichwani mwake pana hita plagi, ndugu mdogo wa ile ya dizeli, yenye waya mwembamba wa platinamu uliosokotwa. Kabla ya kuwasha, waya hupewa umeme wa betri ya volti 1.5 hivi mpaka uwe mwekundu. Injini ikishashika, betri huondolewa na waya unaendelea kung'aa wenyewe, kwa joto la mlipuko uliopita na kwa tabia ya methanoli, ambayo ikigusana na platinamu ya moto huendelea kuungua juu yake. Plagi ya aina hii iliingizwa sokoni Marekani mwaka 1947 na Ray Arden, na ndege ndogo za mfano zikatua mzigo wa koili na betri zilizokuwa zinabeba. Faida ni wepesi. Gharama yake ni kwamba hakuna taimingi ya kuweka. Wakati wa mlipuko huamuliwa na joto la waya, mgandamizo na wingi wa mafuta. Ukigusa mafuta umegusa na taimingi.

Mafuta yenyewe ni methanoli, nitromethani na oili, vyote ndani ya chupa moja. Nitromethani kwa kawaida huwa kati ya sehemu 10 na 30 kwa mia, na ndiyo wanayolipia pesa nyingi wanaotaka kushinda, kwa kuwa molekuli yake inabeba oksijeni yake yenyewe. Kilo moja ya petroli inahitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Methanoli inahitaji 6.5 hivi. Nitromethani inatosheka na 1.7. Kwa uzito, nitromethani ina nishati kama robo tu ya ile ya petroli, na mtu anaweza kudhani ni mafuta dhaifu. Lakini kinachoibana injini ni hewa inayoweza kuvuta, na kwa kila kilo ya hewa nitromethani hutoa nishati zaidi ya mara mbili ya petroli.

Sasa zihesabu kazi za mafuta hayo. Yanaungua. Yanapoza pia, kwa kuwa methanoli ikigeuka mvuke hunyonya joto kama mara tatu ya petroli kwa uzito uleule, na inaingia nyingi. Tena yanalainisha, maana ndani ya injini hiyo hakuna oili nyingine popote: hakuna sampu, hakuna pampu, hakuna kijiti cha kupimia. Anayebana mafuta ili apate spidi amepunguza kipoza na amepunguza oili kwa mkono uleule, wakati ambapo injini inazidi kupata joto. Ndiyo sababu kosa ambalo Boxer hulivumilia kwa miezi, injini ya nitro hulimaliza kwa tenki moja.

Pistoni yake nayo haina ringi. Ni ya aluminiamu, inateleza ndani ya silivu ya brasi iliyopakwa kromu, na silivu hiyo imebana kidogo juu kuliko chini. Ikiwa baridi, ukiizungusha kwa mkono unahisi inakwama karibu na kilele. Ikipata moto, silivu inatanuka na njia inapatikana. Kwa hiyo injini mpya haiwashwi ikiwa baridi, hata kama una haraka ya kuwaonyesha wenzako. Wenye kujua huipasha kichwa kwanza, na draya ya saluni, ambayo Kariakoo haikosekani, inaifanya kazi hiyo barabara. Matenki ya kwanza huendeshwa mafuta yakiwa mengi, lakini injini isiachwe baridi: kichwa kiwe kati ya nyuzi 90 na 100, dakika chache, kisha inazimwa na kuachwa ipoe, pistoni ikiwa imeshushwa chini ili silivu isije ikasinyaa juu yake. Zamani watu waliiacha injini mpya ingurume tu mezani, matenki kadhaa, ikiwa imejaa mafuta na haijapata moto wa kutosha. Walidhani wanaitunza. Walikuwa wanaisagisha pistoni kwenye silivu ambayo haijatanuka.

Ikishazoea, ndipo bisibisi inaruhusiwa. Sindano ziko mbili, ya spidi kubwa na ya spidi ndogo, halafu kuna skrubu ya sailensi, yaani ya mwendo wa injini ukiachia resi. Anza na ya spidi kubwa, gari likiwa limeshapata moto, kwa kuwa hiyo hubadilisha pia mafuta yanayoifikia ile nyingine. Kukaza ni kupunguza mafuta, kulegeza ni kuongeza. Kaza sehemu moja ya nane ya mzunguko, liachie gari lizunguke uwanja mara mbili, tazama moshi. Moshi mwembamba lazima ubaki nyuma ya gari hata kwenye spidi ya mwisho. Ukikatika, umeshapita, rudi. Baada ya hapo bana mpira wa mafuta kwa vidole injini ikiwa kwenye sailensi. Ikipanda sauti kidogo na kuzima baada ya sekunde mbili au tatu, iko sawa. Ikizima papo hapo, ina njaa. Ikiendelea kunguruma sekunde tano na zaidi, imeshiba kupita kiasi. Kipimajoto cha kuelekeza kinasaidia, na injini nyingi hutulia kati ya nyuzi 100 na 120 kichwani, ila tone la maji lililodondoshwa juu ya kichwa hutoa jibu karibu lilelile. Likichemka taratibu mpaka kukauka, endelea. Likirukaruka na kupotea mara moja, zima.

Na kama sailensi haitaki kushuka, injini inabaki juu hata ukiachia resi, usikimbilie sindano. Hapo kuna hewa inayoingia pasipo ruhusa, mara nyingi chini ya kabureta au kwenye kifuniko cha nyuma. Kujaribu kuziba tundu la hewa kwa kuongeza mafuta ni kazi isiyo na mwisho. Nimeona pikipiki nyingi zikifanyiwa hivyohivyo, mpira wa kabureta umepasuka ufa usioonekana, na fundi anazungusha skrubu tangu asubuhi.

Kampuni ya O.S. ya Osaka imekuwa ikitengeneza injini za mfano tangu 1936, na vitabu vyake vya maelekezo ni vizuri, lakini havikuandikwa vikiwa na hewa ya Dar es Salaam akilini. Mchana wa Februari, joto nyuzi 32 na unyevu robo tatu, karibu sehemu 3.5 kwa mia ya kile injini inachovuta ni mvuke wa maji, ambao hauunguzi kitu. Joto nalo limeitawanya hewa iliyobaki. Ukilinganisha na alfajiri ya Julai yenye nyuzi 20, oksijeni inayoingia silindani imepungua kwa sehemu 6 kwa mia hivi. Sindano haina habari. Iliyowekwa vizuri mchana wa Februari itakuwa na njaa alfajiri ya Julai, na mwenye gari atashangaa limeungua vipi ilhali hajaligusa. Kosa lake ndilo hilo, kwamba hajaligusa.

Ukipanda mlima mambo yanageuka. Pikipiki iliyowekwa kabureta Kariakoo ikipakiwa kwenda Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, inakuta hewa nyepesi kwa karibu sehemu 17 kwa mia, na kabureta isiyoguswa inamwaga mafuta kama sehemu 10 kwa mia zaidi ya hewa iliyopo. Plagi inakuwa nyeusi, mlima haupandiki, na fundi wa kule anaambiwa kwamba fundi wa Dar hajui kazi. Mbio za Safari, zilizoanzishwa 1953 na katika miaka yake ya mwanzo kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa mtihani wa jambo hili hili. Volvo PV544 aliyoshindia Joginder Singh mwaka 1965 ilikuwa gari la kabureta, na njia ilipanda na kushuka maelfu ya futi. Sifa za mbio zile tumempa dereva. Ningependa siku moja mtu aandike habari za waliokuwa wanaamua ukubwa wa jeti.

Turudi kijiweni. Ndani ya kabureta ya pikipiki nyingi za bodaboda, ukivuta slaidi utakuta sindano ya brasi yenye mifereji midogo kichwani, kwa kawaida mitano, na klipu iliyokaa kwenye mmoja. Klipu ikipandishwa mfereji mmoja, sindano inashuka na mafuta yanapungua. Ikishushwa, yanaongezeka. Chini yake ipo jeti kubwa, inayotawala resi ikifunguliwa yote, na pembeni jeti ndogo na skrubu ya sailensi. Bodaboda wa mjini hafungui resi yote mara nyingi. Maisha yake yako kati ya robo na robo tatu, kutoka taa hadi taa, Msimbazi, Uhuru, Lumumba, na eneo hilo ni mali ya sindano. Ndiyo maana mazungumzo yote huanzia hapo.

"Fundi, hii inakunywa sana, nibanie kidogo."

"Nikikubania ikaunguza valvu usije hapa kunililia, mdogo wangu."

"We bana tu, kaka."

Na inabanwa. Wakati mwingine inabanwa kinyume, kwa sababu ya kitu ambacho vijana wengi hawafundishwi. Skrubu ya pembeni ikiwa upande wa ea klina, inatawala hewa, kuikaza ni kuongeza mafuta. Ikiwa upande wa injini, inatawala mafuta, kuikaza ni kuyapunguza. Kabureta mbili zinazofanana kwa sura, skrubu moja iko huku na nyingine kule, na mtu anazungusha kwa mazoea ya ile aliyojifunzia. Anapoona matokeo yamekuwa kinyume, anasema kabureta ni feki. Huenda ni feki kweli, lakini hilo ni jambo jingine.

Jeti za feki zipo, na ubaya wake unahesabika. Kwenye jeti zinazopewa namba kwa kipimo cha tundu, namba 100 ina tundu la milimita moja kamili. Kiwanda kikikosea kikatoboa 1.05, jicho halioni tofauti yoyote, ila eneo la tundu limeongezeka kwa sehemu 10 kwa mia, na mafuta hufuata eneo. Lakini katika jeti mbovu zilizoko barabarani nadhani nyingi hazikuzaliwa mbovu. Zilizibuliwa. Jeti ikiziba kwa uchafu wa tenki, fundi mwenye haraka hukata uzi mmoja wa waya wa breki na kuupitisha tunduni. Waya ni chuma, jeti ni brasi, na brasi ni laini. Unapita mara moja, mara mbili, mwaka unapita, tundu limekuwa duara lenye mikwaruzo na kubwa kuliko namba iliyochapwa ubavuni. Pikipiki inaanza kunywa. Dereva analalamika, klipu inapandishwa. Sasa katikati ya resi injini ina njaa na mwisho wa resi imefurika, na hakuna skrubu duniani itakayozipatanisha. Jeti mpya ya oriji ingemaliza kesi kwa pesa kidogo kuliko chakula cha mchana cha fundi na msaidizi wake. Upepo wa kompresa na petroli safi vingemaliza kesi bila pesa yoyote.

Injini hii ya mipigo minne hufa taratibu kwa sababu ina oili yake chini, haitegemei ile ya kwenye mafuta. Ukiibana, kinachoteseka kwanza ni valvu ya egzosi, inayopitisha moto uliochelewa kuisha. Ukingo wake unaliwa, mgandamizo unapungua, asubuhi inaanza kugoma. Oili nayo inapikwa. Dereva anasema pikipiki "imechoka". Tapeti, ambayo nafasi yake hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, ikiwa imeachwa imekaza, mambo yanaharakishwa, kwa kuwa valvu isiyokaa vizuri kwenye kiti chake haina pa kumwagia joto.

Sasa pesa. Pikipiki nyingi za kijiweni zina tajiri, yaani mwenye chombo, na zina dereva. Dereva anapeleka hesabu kila siku, kiasi kilichopatanwa, mvua inyeshe isinyeshe. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chake. Mafuta yanatoka mfukoni mwa dereva. Valvu, pistoni na bloku kwa kawaida vinatoka kwa tajiri. Tuseme dereva anachoma lita nne kwa siku na lita ni shilingi 3,000 hivi. Akibaniwa akaokoa sehemu moja ya kumi, hiyo ni shilingi 1,200 kila jioni, zaidi ya 30,000 kwa siku 26 za kazi, na anaziona kwa macho yake. Hasara ya valvu itakuja baada ya miezi, itakwenda kwa mtu mwingine, na hakuna atakayeiunganisha na klipu iliyopandishwa mfereji mmoja. Fundi naye analipwa na dereva. Katika kikao hicho cha watu watatu injini haina mjumbe.

Ninaposikia watu wakisema bodaboda hawajui kutunza vyombo, nakumbuka hesabu hiyo. Kijana aliyebana sindano anajua vizuri sana, na ukimpa mpango mwingine wa malipo atakuonyesha. Yuko dereva wa mkataba, anayelipa kwa mwaka au zaidi kisha kadi inakuwa yake. Huyo mafuta ni yake na bloku itakuwa yake. Kuna tofauti inayosikika kati ya pikipiki ya hesabu na ya mkataba, na fundi mzoefu, kabla hajagusa chochote, huuliza: "Hii ya kwako?" Tajiri mwenye akili naye ana njia yake. Anafungua plagi mwenyewe, wala haulizi maswali. Rangi ya kahawia hafifu, yuko sawa. Nyeupe kama chokaa, mtu amebana. Nyeusi ya masizi makavu, mafuta mengi au ea klina imeziba. Nyeusi ya unyevunyevu, ni ringi, na hapo ajiandae kutoa pesa.

Ea klina inastahili neno, kwa kuwa wapo wanaoitoa kabisa wakipenda sauti. Vumbi la mji huu lina mchanga mwingi, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Injini ya nitro isiyo na sponji iliyolowekwa oili ya kunasia vumbi hupoteza mbano wake wa juu kwa siku moja ya mashindano. Boxer huchukua muda mrefu zaidi, lakini njia ni moja.

Ukitaka injini iliyo jamaa wa karibu wa nitro katikati ya Dar es Salaam, shuka Feri, Kivukoni, asubuhi boti zikiingia. Mashine za kupachika nyuma ya boti, zile za mipigo miwili, nazo hulainishwa kwa oili iliyomo kwenye petroli, mara nyingi sehemu moja kwa hamsini. Zina maji ya bahari ya kuzipoza, kwa hiyo ziko salama kidogo kuliko kile kijidude cha kiganjani. Lakini mvuvi anayepunguza oili ili aokoe hela anafanya lilelile, tena akiwa mbali na nchi kavu.

Petroli yenyewe ilikuwa na kesi yake. Miaka ambayo mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli, yalichanganywa, na mafundi walikuwa wa kwanza kujua, kwa kuwa injini zilianza kugonga. Mafuta ya taa hayastahimili mgandamizo kama petroli. Hulipuka kabla ya wakati, na injini iliyobanwa hugonga mapema zaidi. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwakamata wachakachuaji, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa hadi faida ya kuchanganya ikapungua. Hiyo ya pili, kwa maoni yangu, ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi.

Mafuta ya nitro hakuna anayeyachakachua hapa kwa sababu hakuna anayeyauza kijiweni. Methanoli na nitromethani ni mizigo ya hatari inayowaka. Havipakiwi kwenye begi la ndege, na anayevihitaji anaagiza kwa meli na kusubiri. Kipo kishawishi cha kujichanganyia nyumbani, na swali linalofuata huwa ni la oili, kwa kuwa oili ya asili ya injini hizi ni ya nyonyo, ileile iliyojaa kwenye maduka ya vipodozi ya Kariakoo. Nyonyo hustahimili joto ambalo oili nyingi za madini hukimbia, inayeyuka kwenye methanoli bila shida, na marubani wa ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia waliijua harufu yake. Lakini ya chupa ya saluni ilikamuliwa kwa ajili ya nywele. Utomvu wake haujaondolewa, na ndani ya silinda utomvu huo hugeuka gamba la kahawia linaloziba tundu za silivu. Chupa ya kiwandani ni ghali na ni nafuu.

Jioni, baada ya mbio, injini ya nitro haiachwi na mafuta tumboni. Methanoli hunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya Dar es Salaam ina maji ya kutosha. Beringi iliyolala nayo usiku mmoja inaweza kuamka na kutu. Tenki humwagwa, injini huwashwa mpaka imalize kilichobaki kwenye mpira, matone machache ya oili nyepesi hudondoshwa kupitia tundu la plagi na kabureta, inazungushwa kwa mkono, pistoni inashushwa chini. Chupa ya mafuta hufungwa kifuniko saa ileile, haiachwi wazi mpaka watu wamalize kupiga soga.

Na chupa hiyo ibaki ileile iliyokuja nayo. Mji huu una mazoea ya kuweka petroli kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, na petroli angalau inajitangaza kwa harufu. Methanoli inanukia kama pombe, na moto wake mchana hauonekani. Mililita 10 tu zinaweza kupofusha macho ya mtu mzima. Mei 2014 nchini Kenya watu zaidi ya 60 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakabaki vipofu. Kwa hiyo kabati lenye kufuli, jina limeandikwa kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, na ikitokea mtu ameinywa, hata kama anasema hajisikii vibaya, apelekwe Muhimbili au hospitali iliyo karibu papo hapo pamoja na chupa yenyewe, kwa kuwa macho huanza kufa saa nyingi baada ya mtu kudhani amepona.